Kiongozi Akifa, Mzigo Wake Humrudia Nani?



Ndugu mmoja katika wasomaji wetu ametuletea suali, na kwa kuwa suali hilo tumelisikia pia barazani na katika darasa zetu, tumeona ni kheri kulijibu hapa ili faida iwaenee wote. Asema kwamba kiongozi aliyewatumikia watu umri wake wote akifa, watu humwekea siku ya kumkumbuka kila mwaka. Wengine husoma hitima wakapika birinzi. Wengine hutundika picha yake na kuiita njia kwa jina lake. Na vijana wa siku hizi wasema kuwa siku hiyo ni bora watu watoke wakafagie makaburi, wakawazuru wagonjwa, wakafanye kazi za bure za kuwafaa watu, kwa jina la yule marehemu. Auliza: lipi katika hayo ndilo la kumheshimu kweli? Na mtu akitenda kheri kwa jina la mwanaadamu mwenziwe, ikhlasi yake haiharibiki?

Suali hili lina mambo mawili ndani yake. Hilo la pili ni jepesi kuliko watu wanavyodhani, na tutalijibu mahali pake. Hilo la kwanza ndilo zito, na twakiri kuwa mpaka siku si nyingi zilizopita sisi wenyewe tulikuwa tukilijibu vibaya, si kwa ulimi bali kwa vitendo.

Yatupasa tuanze na neno ambalo kila mtoto wa chuoni alijua. Fardhi ni namna mbili. Fardhi ayn ni ile imlazimuyo kila mtu kwa nafsi yake, kama swala tano na funga ya Ramadhani. Hapana awezaye kumsalia mwenziwe. Fardhi kifaya ni ile iulazimuyo mji mzima: wakitokea wa kuitenda kiasi cha kutosha, wengine husalimika; wasipotokea, dhambi huwa juu ya wote waliojua na waliokuwa na uwezo. Chuoni husomeshwa kwa mfano wa maiti: kumwosha, kumkafini, kumsalia na kumzika. Na wengi wetu tumekoma papo hapo penye mfano, tukadhani fardhi kifaya ni mambo manne ya maiti, basi. Sivyo. Wanavyuoni wametia humo kumlisha mwenye njaa ya kumuua, kumwokota mtoto aliyetupwa, kumsomesha asiyejua dini yake, utabibu, na hata kazi za mikono ambazo watu hawawezi kuishi bila ya hizo. Imamu al-Haramayn al-Juwayni, aliyekuwa mwalimu wake Imamu Ghazali, alifika kusema kuwa mwenye kusimamia fardhi kifaya ana ubora ambao mwenye kutenda fardhi ayn hana, kwa sababu huyu ajiokoa nafsi yake peke yake, na yule awaokoa watu wote na lawama.

Sasa mtazameni mtu yule tumwitaye kiongozi, namkusudia yule aliyewatumikia watu, si yule aliyetumikiwa nao. Je, alikuwa akifanya nini siku zote hizo? Alikuwa akilipa deni letu. Sisi tulilala usiku kwa sababu yeye alikuwa macho. Mgonjwa alipochukuliwa, maiti alipooshwa, yatima alipopata mahali pa kulala, dhambi iliyokuwa ituangukie sisi sote ilisukumwa mbali na mikono ya mtu mmoja, na sisi hata hatukujua kuwa ilikuwa karibu. Tukamwita mtu mwema, tukamwombea dua, tukaenda zetu. Siku anapokufa, yeye huzikwa na deni halizikwi pamoja naye. Lile deni hutoka begani kwake likarudi shingoni mwetu siku ile ile, pengine kabla jeneza halijafika makaburini. Hii ndiyo maana twaona kuwa suali la vipi aheshimiwe marehemu si suali la heshima hata kidogo. Ni suali la deni.

Tutoe mfano wa mtu ambaye khabari zake zajulikana, na ambaye watu wa kabila lake, yaani Memon, baadhi ya jamaa zao tumekaa nao Mombasa tangu zamani. Mtu huyo ni Abdul Sattar Edhi wa Karachi. Alizaliwa mwaka 1928 katika mji mdogo wa Bantva, Gujarat, na Bara Hindi ilipogawanywa mwaka 1947 alihamia Pakistan pamoja na jamaa zake. Alikuwa akisimulia kuwa alipokuwa mtoto mama yake humpa pesa mbili kila asubuhi, moja yake na moja ya kumpa mwenye shida, na akirudi jioni humuuliza ile ya pili ameipeleka wapi. Baadaye mama huyo akapooza. Mtoto akawa ndiye amlishaye, amwoshaye na amgeuzaye kitandani, mpaka akafariki, naye kijana bado hajatimia miaka ishirini. Twalitaja hili kwa sababu wengi hudhani watu kama hawa huanza na mali au na cheo. Huyu alianza na kitanda cha mamaye.

Mwaka 1951 alifungua zahanati ndogo katika mtaa wa kimaskini wa Karachi. Mwaka 1957 ilipoingia homa kuu ya mafua iliyozunguka dunia, alipiga mahema, akawatibu watu bila ya malipo, na michango iliyokuja baada ya hapo akanunua gari moja kuukuu la kubebea wagonjwa, akaliendesha mwenyewe. Kutokana na gari hilo moja pakatoka magari mengi yaliyohesabiwa kuwa ndiyo jamii kubwa kuliko zote duniani ya magari ya wagonjwa yaendeshwayo kwa kujitolea. Serikali alizikatalia fedha zao. Alikuwa akikaa njiani, mzee wa ndevu nyeupe, akinyoosha mkono kuomba, na wapita njia wakimtilia. Yeye na mkewe, Bilquis, aliyekuwa muuguzi, wakaishi katika vyumba vidogo kando ya ofisi yao, na nguo zake zilikuwa zahesabika kwa vidole.

Lakini lililo kubwa katika kazi yake kwa maoni yetu si magari. Ni maiti. Alikwenda mwenyewe kuwatoa maiti waliooza visimani, mitaroni na baharini, ambao watu waliziba pua wakapita mbali nao, akawaosha kwa mikono yake, akawakafini na kuwazika, na wengi wao hawakuwa na wenyewe. Mji wa mamilioni ya Waislamu, wenye misikiti isiyohesabika, na fardhi kifaya yao yabebwa na mtu mmoja na wasaidizi wake! Na joto kali lilipoiangukia Karachi katika Ramadhani ya mwaka 2015, wakafa watu zaidi ya elfu moja kwa siku chache, ilikuwa nyumba ya maiti ya Edhi ndiyo waliyokimbilia watu mpaka ikajaa ikakosa nafasi.

Tena palikuwa na susu. Nje ya vituo vyake aliweka susu za watoto wachanga, ili mwanamke aliyezaa akaona hawezi kumlea mtoto wake, asimtupe jaani wala asimuue, bali amlaze mle na kwenda zake bila ya kuulizwa jina. Maelfu ya watoto waliokolewa kwa njia hiyo, na Bilquis ndiye aliyekuwa akiwapokea mpaka alipofariki mwaka 2022. Hapo baadhi ya wenye vilemba wakapiga kelele kuwa mtu huyu ahimiza zinaa. Twawauliza ndugu zetu hao: je, hamkupita katika babu ya mtoto wa kuokota mlipokuwa mkisoma? Katika Minhaji ya Imamu Nawawi, ambayo kila mwanafunzi wa madhehebu yetu ya Shafii huipitia, kumwokota mtoto aliyetupwa ni fardhi kifaya. Hakuwekwa sharti kuwa kwanza aulizwe babake ni nani. Mas-ala ya nasaba na mirathi ya mtoto wa namna hiyo yana hukumu zake, wala hatuyafumbii macho. Lakini hukumu za nasaba ni za mtoto aliye hai. Aliyekufa jaani hana nasaba ya kuhifadhiwa.

Wengine walimuuliza kwa nini awabeba Mabaniani na Wakristo katika magari yake. Alijibu kuwa gari lake ni Muislamu kuliko muulizaji. Nasi hatuna la kuongeza hapo.

Alifariki tarehe 8 Julai 2016, Idi ya mfunguo mosi haijapoa. Alipokuwa mgonjwa wa figo walitaka kumpeleka ng'ambo kwa matibabu, akakataa, akataka atibiwe nchini kwake kama watibiwavyo watu wake. Aliusia macho yake wapewe vipofu. Na hilo lina maneno marefu baina ya mafakihi wa zama zetu, si mahali pake hapa. Dola ikamfanyia maziko ya heshima. Jeneza likawekwa juu ya gari la mzinga, likapelekwa kwenye uwanja mkubwa wa michezo wa Karachi, mizinga kumi na tisa ikapigwa, na wakubwa wa serikali na wa majeshi wakahudhuria. Khalafu akachukuliwa nje ya mji akazikwa katika kaburi alilokuwa amekwisha kujichimbia zamani. Mwaka 2017 Benki Kuu ya nchi ile ikatoa sarafu ya rupia 50 yenye sura yake.

Hatuwalaumu waliofanya hayo. Kumshukuru mtu mwema ni katika adabu, na asiyewashukuru watu hamshukuru Mungu. Ila mzinga haumwoshi maiti, na sarafu haiamki usiku kumpokea mtoto susuni. Twajiuliza: katika watu wote waliosimama uwanjani siku ile, ni nani aliyemheshimu? Jawabu letu ni kuwa huenda wenye kumheshimu hawakuwapo uwanjani. Walikuwa ndani ya magari, kwa kuwa siku ile nayo mjini mlikuwa na wagonjwa na maiti kama siku nyingine. Kazi ile haikukatika, na mwanawe Faisal akaishika.

Hapa pana khatari ambayo twataka msomaji aitazame vizuri. Kadiri kiongozi anavyokuwa mkubwa, ndivyo watu wanavyopata udhuru wa kukaa. "Nani awezaye kuwa kama fulani?" husema, na macho yakalowa machozi, na neno hilo lina sura ya unyenyekevu. Kumbe ni hila ya nafsi. Tukimpandisha mtu juu sana, amali yake nayo hupanda pamoja naye ikawa mbali na mikono yetu, ikawa karama yake yeye, si wajibu wetu sisi. Hivyo sifa yenyewe yageuka kuwa njia ya kuukimbia mzigo. Na hakika mambo mengi aliyoyafanya Edhi hayakutaka ujuzi mkubwa wala karama. Yalitaka maji, sabuni, kitambaa cheupe, na mtu asiyeona kinyaa.

Imamu Ghazali aliwaona watu wa namna hii katika zama zake, na yeye alifariki mwaka 505 wa Hijra. Katika Ihyaa alilalamika kuwa miji mingi haina tabibu ila asiyekuwa Muislamu, na hali utabibu ni fardhi kifaya, na hapana atakaye kuusoma. Lakini wote waisongea fikihi, khasa ile ya khitilafu na mabishano, ilhali mji umejaa wenye kuijua. Akaeleza na sababu: kwa utabibu mtu hapati kusimamia wakfu na mali za mayatima, wala hapati ukadhi na serikali. Miaka mia tisa na zaidi imepita. Msomaji atazame mji wake, ahesabu wenye kubishana msikitini juu ya mambo ambayo wanavyuoni wameyamaliza, khalafu ahesabu waendao hospitali kumlisha mgonjwa asiye na jamaa.

Sasa turudi kwenye ikhlasi. Ndugu yetu achelea kuwa kutenda kheri siku ya fulani na kwa jina la fulani ni kumshirikisha mtu katika ibada. Twasema: neno "kwa jina lake" watu hulitumia wakikusudia mambo yasiyokuwa sawa. Akiwa akusudia kujikurubisha kwa yule maiti ili amtimizie haja zake, hilo ni batili, na tumeandika juu yake mara nyingi. Akiwa akusudia kuwa yule mtu alimfundisha njia, naye aifuata njia hiyo kwa kutaka radhi ya Mungu, hapo hapana ubaya, bali pana kheri mbili. Kwani tumefundishwa na Mtume s.a.w. kuwa mwenye kuanzisha mwendo mwema hupata ujira wake na mfano wa ujira wa wenye kuufuata, wala wao hawapunguziwi kitu. Mwenye kutaka kumpelekea marehemu zawadi, basi na aifuate amali yake. Zawadi hiyo haina khitilafu ya wanavyuoni kama ilivyo ile ya birinzi.

Tena khofu ya riya ingefaa ielekezwe mahali pengine. Siku hizi watu huenda kwa wingi kumpa mjane mfuko wa unga, kumi wameushika mfuko mmoja, na wa kumi na moja ashika simu apiga picha. Yule mama huambiwa atazame huku, acheke kidogo. Jioni picha imefika Nairobi na Dubai. Wallahi tumewaona wajane walioacha kupokea sadaka kwa kuona haya ya picha. Ikiwa huku ndiko kumuadhimisha kiongozi, basi huyo kiongozi angeona bora asahauliwe.

Na tazameni sahaba walifanyaje walipofikwa na msiba ambao hapana msiba ulio mkubwa kuliko huo. Mtume s.a.w. alipofariki, mwaka wa 11 wa Hijra, alikuwa amekwisha kulitayarisha jeshi la Usama bin Zaid, na Usama alikuwa kijana mdogo. Mambo yakavurugika, makabila yakaanza kuritadi, na watu wakubwa wakamwambia Sayyidna Abubakar r.a. alizuie jeshi lile, au ampe ukubwa mtu mzima zaidi. Akakataa. Akaona kuwa jambo aliloliagiza Mtume halitasimamishwa kwa sababu Mtume amekufa. Akatoka kumsindikiza Usama, kijana amepanda farasi na Khalifa aenda kwa miguu kando yake. Usama akaona haya akataka kushuka, naye akamkataza. Khalifa yule yule, katika siku zake za mwanzo, alikuwa akienda kuwakamia mbuzi wasichana wa mtaa aliokuwa akikaa, kama alivyokuwa akifanya kabla ya kuwa Khalifa. Walikuwa wamechelea kuwa ukhalifa utamzuia. Hatusomi kuwa aliamrisha siku ya kilio ya kila mwaka. Twasoma kuwa jeshi liliondoka na mbuzi walikamwa.

Na yule mwanamke mweusi aliyekuwa akifagia msikiti wa Madina akafa usiku? Sahaba waliona jambo lake dogo, wakamzika bila ya kumwamsha Mtume. Alipomkosa akamuuliza, akaambiwa, akawaambia wamwonyeshe kaburi lake, akaenda akamsalia. Jina lake wengi hatulijui vizuri mpaka leo. Ufagio wake ndio uliomfanya aulizwe.

Pengine msomaji atasema kuwa mataifa mengine wametangulia katika jambo hili, na ni kweli. Mwezi Novemba 2009 Umoja wa Mataifa uliitangaza tarehe 18 Julai, siku aliyozaliwa Nelson Mandela wa Afrika ya Kusini, kuwa siku yake duniani, na tangu 2010 watu huitwa siku hiyo watoe dakika 67 kwa kazi ya kuwafaa wengine, kwa kuwa yeye alitumikia umma miaka 67. Twaona ni bora zaidi kuliko kupiga ngoma. Twaona pia kuwa dakika ni hesabu rahisi mno. Aliyefungwa miaka ishirini na saba hakulipa kwa dakika, na fardhi kifaya haina saa. Huisha haja inapoisha. Lakini mtu akiingia hospitali kwa ajili ya dakika 67, akakutana na mgonjwa ambaye hataki aondoke, huenda akarudi kesho bila ya kuitwa. Tusizidharau dakika. Tusidanganyike nazo.

Hapa kwetu twamtaja sana marehemu Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, Kadhi Mkuu wa Kenya, aliyefariki mwaka 1947. Kila darasa humtaja, na kila mwenye kalamu hudai kuwa ni mrithi wake. Na aliyoyafanya ni mambo ya kutazamika: mwaka 1930 alitoa Sahifa, na mwaka 1932 Al-Islah, kwa Kiswahili, ili mtu wa kawaida asiyejua Kiarabu asome mambo ya dini yake na ya dunia yake, na baadhi ya makala zake zikakusanywa katika kitabu kiitwacho Uwongozi. Hiyo nayo ilikuwa fardhi kifaya, kuwafunza watu kwa lugha waifahamuyo. Sisi tumsifuo twajua kuwa mitaani mwetu wako watoto wa Kiislamu ambao hawakai chuoni, kwa kuwa wazee wao hawana cha kumpa mwalimu. Kumsomesha mmoja wao nusu saa baada ya Alasiri hakuhitaji mkutano.

Tulisema mwanzo kuwa sisi wenyewe tulikuwa tukilijibu suali hili vibaya. Haifai tuwanyooshee wengine kidole tukalificha letu.

Mtaani petu palikuwa na mzee mmoja, imamu wa msikiti mdogo, ambaye kwa muda wa zaidi ya miaka thalathini alikuwa ndiye mwosha maiti wa wanaume. Akiitwa usiku hutoka usiku. Akiitwa mvuani hutoka mvuani, na mfuko wake wa kitambaa ndani yake mna kafuri, majani ya mkunazi, pamba na mkasi. Hakutaka malipo. Tena ndiye aliyewakusanya vijana wa mwanzo wa darasa yetu hii, kwa hivyo sisi twamhesabu kuwa ni kiongozi wetu, ijapokuwa nje ya mtaa hakujulikana. Alipokufa msikiti haukutosha. Tukamfanyia siku ya kumkumbuka, mwaka wa kwanza, na wa pili, na wa tatu. Watu walisoma mashairi, wakatoa khutuba, na sisi tulitoa iliyokuwa ndefu kuliko zote, juu ya fadhila za kuosha maiti.

Mwaka huo wa tatu, khutuba imekwisha na sinia zaanza kutandazwa, akaja kijana mmoja kutoka hospitali. Akasema pana maiti wa Kiislamu katika nyumba ya maiti tangu juzi, kibarua kutoka bara aliyeanguka akijenga ghorofa, hana jamaa mjini, na hospitali wataka achukuliwe. Tukatazamana. Tulikuwa watu kama sitini. Msaidizi wa yule mzee alikuwa mgonjwa kitandani. Mmoja akasema yuko mtu ng'ambo ya feri. Mwengine akasema pengine kesho asubuhi. Hapana hata mmoja aliyesema, "Mimi najua." Na sisi, ambao babu ya janaza tumeisomesha kitabuni mara zisizopungua ishirini, tukijua maji humwagwa upande gani kwanza, na kafuri hutiwa katika maji ya mara gani, na sanda za mwanamume ni ngapi na za mwanamke ni ngapi, mkono wetu haukuwa umepata kugusa maiti. Tulijua kila kitu. Tulikaa kimya.

Birinzi ililiwa. Na sisi tulikula.

Yule kibarua alioshwa siku ya pili yake na watu wawili wa msikiti mwengine, mmoja wao ni muuza madafu asiyejua kusoma, aliyejifunza kwa kumshikia maji yule yule mzee wetu zamani. Tulikwenda tukamsalia maiti. Muuza madafu hakutuambia neno. Alikausha mikono yake, akatuamkia "Shikamoo Sheikh" kwa adabu, akarudi kwenye mkokoteni wake. Tangu siku ile amkio hilo lake latuuma kuliko tusi.

Mwaka huu, kwa hivyo, darasa yetu haitapika. Fedha zilizochangwa zimenunua sanda, kafuri na jeneza jipya, kwa kuwa la zamani limevunjika mguu. Na kila Jumatano baada ya Isha, katika ukumbi wa nyuma wa msikiti, patakuwa na mafunzo ya kuosha na kukafini kwa vitendo. Wanawake watafunzwa nyumbani kwa bibi mmoja mwoshaji aliye mtaani, Alkhamisi baada ya Dhuhuri, na wenye kutaka wamwulize mke wa imamu. Hapana ada. Kila mtu aje na kanga kuukuu au kipande cha shuka cha kujifunzia kukata, na asivae nguo ya kuogopea maji. Mwalimu wa wanaume ni yule muuza madafu. Tulimwendea mara mbili kumwomba, kwa kuwa mara ya kwanza alidhani twamfanyia mzaha. Sisi tutakaa safu moja na wanafunzi, na kazi yetu ya Jumatano ya kwanza, ametwambia, ni kuchota maji.